Safu ya Tisa

Fomu yetu ina safu tisa.
Ya kwanza: mita kutoka usawa wa bahari,
kana kwamba bahari, huko iliko,
ina habari na sisi hapa Karura
tukivuta utepe kwenye umande saa moja asubuhi,
Chepkwony akitaja majina, mimi nikiandika:
mukinduri, sentimita arobaini na moja.
Muiri, gome limebanduliwa upande mmoja,
mtu ana mgonjwa nyumbani.
Muhugu. Muhugu mwingine. Kisiki.

Kisiki nacho huhesabiwa.
Huingia safu ya tisa: mkono wa mtu.

Tulianza Julai, baridi ikiwa ndani ya mifupa,
mita elfu moja mia sita na sitini.
Tukapanda. Msitu wa Ngong, mia moja na kitu zaidi.
Kisha tukaupa mji kisogo, tukapita mashamba ya chai
hadi kwenye ukungu, ambako muhugu hutoweka bila kuaga
na mtarakwa hushika zamu.
Chepkwony husema kila mti una sakafu yake na dari yake,
kama wapangaji wa ghorofa za Pipeline:
wa chini hamjui wa juu
ila kwa maji yanayodondoka.

Lakini namba zilikataa kupanda ngazi.
Tulipotarajia aina thelathini, kumi na moja.
Korongoni, ambako hata mbuzi hufikiri mara mbili,
aina arobaini na tatu zimesongamana
kama watu waliokimbia jambo.
Nikatazama ramani, nikatazama mteremko,
nikaelewa: si miti iliyochagua korongo,
ni shoka lililochoka kushuka.
Na tambarare ile ya miblugamu, iliyopandwa
kulisha matumbo ya gari moshi,
tuliimaliza kabla chai haijapoa:
jina moja, jina moja, jina moja.

Sasa niseme la nyumbani.
Baba yangu, Nthenge wa Gikomba,
alinilipia karo kwa twiga.
Twiga, vifaru, morani na mkuki wake,
jozi kwa jozi ndani ya magazeti ya juzi,
safari ya kwenda kwa watu wasiotujua.
Muhugu mtupu. Mchwa hauwezi,
nao hupokea msasa kama ngozi ipokeavyo mafuta.
Vumbi lake lilikuwa kwenye uji, kwenye kilemba cha mama.
Nilikua nikidhani hiyo ndiyo harufu ya baba.

Jumapili nilimpelekea tawi.
Akaligeuza. Majani yake chini ni meupe kama kiganja.
"Mti gani huu, Syombua?"

Miaka thelathini na minane ameushika.
Anaujua kwa uzito, kwa sauti ya tezo,
kwa jinsi unavyolipiza kisasi kwenye fundo.
Hajawahi kuuona umesimama.
Ulimjia daima umelala, mkokotenini, usiku.

Nikakwaruza kijiti kwa ukucha.
Akanusa.
Akaketi kwenye gogo lake, akainuka tena,
asijue pa kuketi.

"Unatoa maua?"
Nikamwambia una dume na jike.
"Mmehesabu mingapi?"
Nikamtajia. Akaanza kitu kwa vidole, akakiacha njiani.
Siku hizi anachonga mjakaranda;
analalamika ni laini kama boga.

Ripoti inataka jibu moja: mwinuko au mtu?
Jumanne, kiwanja cha kumi na nne, kisiki kipana kama sinia,
alama za msumeno wa watu wawili,
kuvu limeanza kuzisoma.
Safu ya tisa nikaandika: kimekatwa, zamani.
Nafasi ikabaki. Nikaongeza: twiga.

"Twiga wa wapi huku?" Chepkwony akauliza.

Nilikuwa nimechuchumaa.
Ubavuni mwa kisiki, urefu wa kalamu yangu,
majani manne, chini meupe.
Fomu haiutambui mti
kabla haujafika unene wa sentimita kumi.
Nikausogezea utepe hata hivyo,
Chepkwony akangoja.